Kikombe Kimoja cha Soya

Kijijini, karibu na Gakindu, Mukurweini
14 Februari 1955

Kwa Sista Khavere,

Nakusalimu sana. Mimi ni Gathoni, mama Nyakio. Utanikumbuka, mwaka jana mwezi wa nane tulilala na mtoto katika wodi yako hapo Nyeri, kitanda cha karibu na mlango. Wewe ni Mragoli na Kikuyu hukijui, kwa hivyo nakuandikia kwa Kiswahili hiki changu cha kuokota. Uvumilie.

Nyakio amevimba tena. Nikibonyeza mguu wake kidole kinaacha shimo, na shimo halijai upesi. Nywele zimekuwa nyekundu kama ndevu za mahindi. Halii. Zamani alikuwa analia, sasa anakaa tu mlangoni anaangalia watu.

Tangu serikali ituhamishie kijiji hiki kilichozungushiwa handaki, hatuna ng'ombe wala mbuzi. Tunatoka kwenda shamba kwa muda wa saa mbili tu kwa siku, askari wako nyuma, halafu tunarudi na kile mkono umeweza kung'oa. Viazi vitamu, mboga ya terere, mahindi kidogo. Nyama sijaionja tangu baba Nyakio apelekwe kizuizini Manyani.

Mwezi uliopita gari la afya lilileta magunia mawili ya unga wa soya. Hedimani Kingori, mkubwa wa kijiji hiki, alinichagua mimi niwe mpishi wa uji wa watoto. Lakini kina mama hawataki. Murugi, ambaye nyumba yake inatazamana na yangu, alimwaga fungu lake ndani ya handaki mbele ya watu. Ati ni unga wa kufunga matumbo ya wanawake, tusizae tena. Wengine wanauliza kwa nini unatolewa bure. Magunia yako kwangu, na mimi nalala nikiyaogopa.

Sista, wewe ulinidanganya mara moja tu, uliposema sindano haitauma. Niambie. Hiki ni chakula ama si chakula?

Barua zetu husaidiwa kusomwa ofisini kwa hedimani, kwa hivyo nimeandika herufi kubwa.

Ni mimi,
Gathoni

~

Hospitali, Nyeri
22 Februari 1955

Mpendwa Mama Nyakio,

Nimepokea barua yako na nimeshukuru. Mlango wa wodi bado unapiga kelele kama siku zile.

Soya ni chakula. Ni maharagwe tu, madogo na ya mviringo, yanasagwa. Kwetu Maragoli nililelewa kwa kunde na mboga, nyama tuliiona Krismasi, na mama yangu alizaa tisa. Nakuapia kwamba haifungi tumbo la mtu.

Lakini sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu wanapokosea. Mtu anayeishi kwa mazao ya shamba tu, bila maziwa wala mayai, hawezi kushikilia kitu kimoja, hata kiwe kizuri namna gani. Ni lazima achanganye. Soya ina nguvu, na kitu chenye nguvu hupewa mtu kwa kiasi. Pima kikombe kimoja cha soya, vitatu vya mahindi na kimoja cha wimbi. Pika saa nzima, ukikoroga, mpaka ile harufu ya maharagwe mabichi iishe kabisa. Ikibaki mbichi, itaharisha watu na kuwaumiza tumbo, na Murugi atasema si aliwaambia. Nyakio mpe bakuli moja asubuhi na nusu jioni, usizidishe kwa sababu ya huruma. Terere na viazi viendelee, na mkipata maharagwe ya njahi au mbaazi, siku hiyo punguzeni soya.

Kuhusu kina mama, maneno yangu hayatawasaidia. Kula mbele yao.

Wako,
Khavere

~

Gakindu
17 Machi 1955

Kwa Sista Khavere,

Nilifanya ulivyosema. Nilipika mbele ya watu, nikakaa chini na bakuli, nikala. Walinitazama siku tatu kama mtu anayengojewa afe. Siku ya nne Ngendo, jirani yangu wa upande wa juu, alileta bakuli lake. Yeye ni mjane, hana mtoto, lakini alileta. Halafu wengine wakaja. Sasa tuko sufuria mbili. Hata mjukuu wa Kingori anakunywa hapa. Ni Murugi tu hajaja.

Mguu wa Nyakio umeshuka. Jana alimpiga mtoto mwingine kwa kijiti, na mimi badala ya kumchapa nilienda nyuma ya nyumba nikalia.

Niko na swali dogo. Mtu mzima akichukua kikombe kizima cha unga wa soya kwa siku, kimoja chake peke yake, itamdhuru? Ni kuuliza tu.

Gathoni

~

Hospitali, Nyeri
24 Machi 1955

Mpendwa Mama Nyakio,

Habari ya Nyakio na kijiti nimewasomea wenzangu hapa wodini, tumecheka.

Swali lako halikunipendeza. Kikombe kizima kwa mtu mmoja, kila siku, ni kingi mno. Tumbo litajaa hewa, ataacha vyakula vingine, na gunia litaisha kabla ya watoto kupona. Tena sidhani mtu mmoja anaweza kukimaliza. Kama kuna nyumba inayochukua kikombe kizima, basi kuna mdomo mwingine unaolishwa katika nyumba hiyo. Ni nani? Nataka uchunguze, uniandikie jina la nyumba na hesabu ya walaji, nijue namna ya kugawa.

Usione haya kumnyima mtu. Kipimo ni kipimo.

Wako,
Khavere

~

Hospitali, Nyeri
12 Aprili 1955

Mpendwa Mama Nyakio,

Pasaka imepita na sijapata jibu. Juma lililopita walileta hapa watoto wawili kutoka upande wa Karatina, wamevimba kama Nyakio alivyokuwa. Mmoja tumemzika Jumamosi. Nikimwona mtoto wa namna hiyo nakufikiria wewe. Andika hata mistari miwili.

Khavere

~

Gakindu
18 Aprili 1955

Kwa Sista,

Sisi sote tuko salama. Watoto wako salama. Hakuna mtu katika kijiji hiki anayekula zaidi ya fungu lake. Unga sasa unawekwa katika kituo cha askari wa homgadi na unapimwa huko. Usiandike tena juu ya hesabu ya watu.

Gathoni, mpishi

Imesomwa. Kingori, Hedimani.

~

Gakindu
21 Aprili 1955

Sista,

Barua hii haipiti ofisini. Anakuletea Mwikali, yule mama Mkamba anayekuja na gari la afya siku za Alhamisi. Ataiweka ndani ya kiatu. Ukishasoma choma.

Nikueleze. Barua yako ya mwezi wa tatu ilifika kwa Kingori kabla ya kufika kwangu. Zote zinafika hivyo. Nilikuambia katika barua ya kwanza, lakini nilisema kwa mafumbo, na wewe hukuelewa.

Asubuhi moja wakati wa kuitwa majina Kingori alitoka na ile barua. Alituweka chini kwa mstari, homgadi sita wamesimama nyuma yetu na bunduki. Akasoma kwa sauti, akageuza kwa Kikuyu ili hata wazee wasikie. Alipofika pale "kuna mdomo mwingine unaolishwa" alirudia mara mbili.

Akauliza, "Huo mdomo uko msituni?"

Unajua mtu akipatikana anawapelekea wapiganaji chakula msituni anafanywa nini. Sikuthubutu kumwangalia Ngendo. Ni Ngendo, sista. Ndiye alikuwa anakuja kila jioni kuomba kikombe, na nikikataa anabaki amesimama mlangoni. Nilikuwa nampa. Mimi mwenyewe nilifikiri ni msitu, na nilikuwa naogopa hata kumuuliza.

Kingori akaniita mbele. "Wewe ndiye unashika kikombe. Ni nani?"

Nikasema, "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Ni mimi ninakula. Niko na njaa, na sufuria iko kwangu."

Nilisikia kina mama wakiguna. Murugi akatema mate chini, akasema kumbe nanenepa kwa uji wa watoto. Kingori alinitazama, unajua vile nimekonda. Akasema, "Kama wewe ni mlaji, kula tuone."

Wakaleta vikombe vitatu vya unga wa soya, wakakoroga na maji baridi kwenye karai. Mbichi. Nikala. Nilijua nikiacha kidogo watakwenda nyumba ya Ngendo. Nilikula nikimtazama Nyakio, amebebwa na mama mwingine, na yeye alifikiri ni mchezo, alikuwa anacheka. Nikamaliza karai. Siku tatu nilitapika na kuendesha mpaka ikawa maji na damu. Nilifikiri nitakufa kwa kile kitu nilichowaambia watu kwamba si sumu.

Siku ya nne Ngendo alinijia, akaniambia nimfuate. Sista, si msitu. Chini ya kitanda chake, nyuma ya matandiko ya majani, kuna mama yake. Ni mzee hana jino hata moja, jicho moja limekufa. Alitembea kutoka upande wa Murang'a bila pasi ya kusafiri. Kule walichoma nyumba yake, walitaka aseme wanawe wako wapi, na yeye hajui. Hawezi kutafuna kiazi wala mahindi. Anaishi kwa uji tu, ndiyo maana ya kikombe. Hajaandikwa mahali popote hapa. Akipatikana, Ngendo atapelekwa na yeye atarudishwa kwa wale waliomchomea.

Sasa unga uko kituoni. Ngendo anampa nusu ya bakuli lake, naye ana homa, na anakohoa. Tukisikia viatu njiani Ngendo anaimba nyimbo za kanisa ili kikohozi kisisikike. Kingori ametangaza kwamba mwisho wa mwezi nyumba zote zitapekuliwa.

Mimi sina kichwa cha kufikiria zaidi. Nimekuandikia kwa sababu hakuna mwingine.

Gathoni

~

Hospitali, Nyeri
25 Aprili 1955

Kwa Gathoni, mpishi wa uji. Isomwe pia na Bwana Hedimani.

Nimepata habari kwamba katika kijiji chenu mtu mzima alilishwa unga wa soya mbichi, vikombe vitatu kwa mara moja. Jambo hili ni la hatari. Mtu anaweza kupasuka utumbo hata baada ya majuma. Daktari wetu hutaka taarifa ya kila tukio la namna hii, pamoja na jina la aliyetoa amri. Mahali pa jina hilo nimepaacha wazi mpaka nifike mwenyewe.

Alhamisi tarehe 28 nitakuja na gari. Watu hawa wawe tayari getini saa nne asubuhi:

Gathoni, mpishi, kwa kupimwa tumbo.

Mama yake Ngendo, mzee, jicho bovu, kwa kulazwa. Huyu nilimwona mwenyewe mwezi wa Januari, siku ya magunia, nikamwandikia cheti cha uji kwa sababu hana meno. Cheti hicho nilisahau kumkabidhi Bwana Hedimani ili amwingize katika orodha yake. Kosa ni langu, si la Bwana Hedimani.

Khavere

~

Hospitali, Nyeri
30 Aprili 1955
Kwa mkono wa Mwikali

Mama Nyakio,

Alhamisi tulisimama na hatua mbili tu kati yetu, na sikuweza kukuambia neno. Nilikubonyeza tumbo nikakuuliza kama linauma, nawe ukasema kidogo, basi. Sasa naweza kuandika.

Mimi ndiye niliyewaletea bunduki. Barua yako ya tarehe 18 ilipofika nilikasirika, nikadhani una kiburi, au umeanza kuuza unga. Nilikaa na hasira hiyo mpaka Mwikali alipovua kiatu. Nilijifungia chooni kusoma, na nilipofika kwenye karai nilishindwa kuendelea. Nilikuwa nimeandika "kipimo ni kipimo" nikiwa nimeshiba, mezani, na taa imewaka. Unisamehe ukiweza.

Hukuona yote ya getini kwa sababu walikurudisha ndani. Ngendo alimleta mama yake mgongoni. Mzee alikuwa amefunika uso kwa ajili ya jua, nafikiri hajaliona kwa miezi. Homgadi wote walimtazama. Kingori akaja na daftari lake, akafungua, akafunga.

Akaniuliza, "Huyu amekaa hapa tangu lini?"

Nikasema, "Tangu nilipomwona Januari."

"Mimi sijamwona."

"Ni mzee, hatoki nje. Na cheti nilikaa nacho mimi."

Alimwendea mzee karibu, akamuuliza kwa Kikuyu, na Mwikali alinieleza baadaye. Alimuuliza jina. Mzee akasema, "Mimi ni nyina wa Ngendo." Akamuuliza anatoka wapi. Akasema, "Kwa Ngendo." Akamuuliza amekuwa akila nini. Akasema, "Uji." Nilishika mlango wa gari.

Kingori akanivuta pembeni. "Ile taarifa ya daktari," akasema, "ile yenye mahali palipo wazi."

Nikaitoa mfukoni, nikampa. Aliikunja akaiweka ndani ya kofia yake. Halafu akawaambia wafungue geti.

Mzee yuko kitanda cha ukutani. Ni mapafu, lakini homa imeshuka na jana alitaka kujua kama mimi nimeolewa. Nampikia uji mwenyewe, soya kidogo, wimbi nyingi.

Hata hivyo mambo hayajaisha. Orodha ya kijiji chenu ilipopelekwa wilayani ikiwa na jina jipya, karani mmoja alishtuka. Anataka kujua mzee aliingiaje. Jumatatu tarehe 9 nimeitwa ofisini kueleza nilikuja Gakindu Januari siku gani. Wewe unajua sikuja. Siku ya magunia alikuja Mwikali na dereva. Mwikali amesema ataapa kwamba nilikuwa nyuma ya gari, lakini yeye ni mmoja, na watamuuliza peke yake, na mimi peke yangu. Nikikosea jambo moja watamtoa mzee kitandani, na sisi wawili tutafuata.

Silali vizuri. Nikisikia gari lolote likisimama nje nadhani limenijia mimi. Nilidhani hofu ya namna hii ni ya watu wa vijijini. Nilikuwa mjinga.

Khavere

~

Gakindu
5 Mei 1955
Kwa mkono wa Mwikali

Dada yangu Khavere,

Naandika upesi, Mwikali ananingoja na dereva hajazima gari.

Hilo la karani lilifika hapa kabla ya barua yako. Jumanne asubuhi Kingori alitukalisha tena kwa mstari. Nilipoona karatasi mkononi mwake nikakumbuka siku ile ya karai. Lakini alisema, "Wilaya inauliza. Ni nani hapa alimwona sista wa Nyeri, yule Mragoli, akija na magunia mwezi wa kwanza?"

Mimi nilitaka kuinua mkono, lakini mimi ni mwizi wa uji, ningeharibu. Ngendo ni mtoto wa mzee, hawezi kuaminiwa.

Halafu Murugi akasimama. Sista, Murugi, aliyemwaga unga. Sikujua kwamba Ngendo alikuwa amemwambia habari ya mama yake. Akasema, "Mimi nilimwona. Siku ile nilimwaga unga, alinigombeza."

Kingori akamuuliza, "Alikugombeza kwa lugha gani?"

"Kiswahili. Sikuelewa, lakini ugomvi nauelewa."

Watu wakacheka kidogo, hata homgadi mmoja. Mama mwingine, mke wa Gatimu, akainua mkono, akasema wewe ulimpima mtoto wake masikio. Halafu mwingine, na mwingine, mpaka mstari wote ukawa mikono. Kina mama arobaini na moja. Kingori alihesabu kwa kidole. Yeye amesoma barua yangu ya kwanza, dada, anajua vizuri kwamba hukuja. Aliitazama hiyo mikono, na mjukuu wake alikuwa pale mbele na bakuli. Akaleta wino. Wote wakaweka kidole gumba. Karatasi imepelekwa wilayani jana.

Bado naogopa. Murugi amekuja kwangu jana jioni na bakuli lake, hakusema pole, alisema tu nisimjazie sana.

Sasa shika haya, kwa sababu Jumatatu watakuuliza, na maneno yako ni lazima yafanane na ya watu arobaini na moja. Tumekubaliana hivi. Ilikuwa Alhamisi ya tatu ya Januari. Gari lilifika saa tano, kulikuwa na vumbi nyingi na jua kali. Ulikuwa umevaa sweta ya kijani na kitambaa cheupe kichwani. Ulishuka upande wa kushoto. Ulimgombeza Murugi. Ulimpima mtoto wa Gatimu masikio. Uliomba maji ya kunywa, na mimi nilikupa.

Gathoni